Kidato cha Kwanza wanasoma Kiingereza kwa sauti bila kuelewa

Swali: Ndugu walimu, nafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza katika shule ya kata, ambako karibu wanafunzi wote wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili. Wanasoma aya kwa sauti bila kukwama, lakini nikiuliza nani alifanya nini, darasa zima linanyamaza. Na kuandika kwao ni kunakili ubao. Nianzie wapi?

Jibu: Pole kwa kazi, mwalimu. Punguza kusoma kwa sauti, kwa maana mwanafunzi huelekeza nguvu zote kwenye matamshi. Chagua aya fupi, fundisha kwanza maneno manne au matano yanayobeba maana, kisha wasome kimya wakitafuta jibu la swali moja ulilokwisha kuliandika ubaoni. Waruhusu wajadiliane kwa Kiswahili wawili wawili, mradi jibu liandikwe kwa Kiingereza.

Jibu: Naunga mkono, na kwenye uandishi nasisitiza kwamba usisahihishe kila kosa. Mwanafunzi aliyeandika “Yesterday I go to the farm and my goat is lost” ameeleza tukio zima. Muulize mbuzi alipatikana wapi, kisha wiki hiyo shughulikia wakati uliopita peke yake. Daftari lililojaa wino mwekundu humrudisha kwenye kunakili.

Muulizaji: Nashukuru sana. Kwa darasa la wanafunzi zaidi ya sabini, madaftari nitayapitiaje?

Jibu: Kusanya ya safu moja kila kipindi, na waliobaki wasomeane kazi zao.