Tupeane uzoefu: mlango wa dharura una kufuli, ufunguo anao nani?

Mwana wa Kikuyu:
Wakuu, habari za Dodoma. Mwezi jana tulikuwa kwenye harusi ya binamu yangu, ukumbi wa hapa mjini. MC akiwa ndiyo kwanza anaita kamati, nyaya za spika zikaanza kunuka, moshi ukapanda, taa zikazima. Watu wote mlango mkubwa. Mimi nilikuwa na shangazi yangu wa magongo, nikaona bora twende pembeni, kwenye kile kibao cha kijani cha KUTOKEA. Nafunua kitambaa cha mapambo, nakuta viti vya plastiki vimepangwa hadi kimo changu. Tumevitoa na jamaa wawili. Nyuma ya viti, mnyororo. Kwenye mnyororo, kufuli la Kichina linang'aa, jipya kabisa.

Ufunguo? Alikuwa nao kijana mmoja ambaye "ametoka kidogo". Bahati ilikuwa soketi tu, fundi akachomoa, muziki ukaendelea. Shangazi alikataa kurudi ndani, akaletewa sahani yake nje.

Leteni na zenu.

Mama Duka Majengo:
Niliwahi kuuza nguo kwenye duka la mtu. Mlango wa nyuma una grili, asubuhi bosi anatufungia, anaondoka na ufunguo. Tukimuuliza anasema tutapitisha mzigo huko nyuma. Siku jirani alipounguza mafuta ya chipsi ndipo nilipojua mle ndani sisi ni kuku wa tengani.

Fundi Grili:
Nimechomelea nondo za madirisha nyingi Chang'ombe na Area C. Wateja wanauliza kama mwizi atapita. Sijawahi kuulizwa wenyewe watatokea wapi 😅

Mtunza Ukumbi:
Wakuu, na sisi mtusikilize. Harusi ni ya kadi. Ule mlango ukiwa wazi, nusu ya mtaa inaingia kula, halafu kamati inanidai mimi. Nilifunga kwa miaka. Wakaguzi wa zimamoto walipokuja nikawaonyesha ufunguo ninao kiunoni. Mmoja akaniuliza: "Na ukiwa chooni?" Sikuwa na jibu. Tajiri akaweka komeo la kusukuma, lile bomba la kulala: ndani unaliegemea tu linafunguka, nje hakuna hata kitasa. Mzamiaji hapiti, wa ndani anatoka.

Msomaji wa Zamani:
@Mtunza Ukumbi, hilo bomba lina historia. Iroquois, jumba la maonyesho Chicago, liliungua Desemba 1903, wakafa watu zaidi ya 600. Milango mingine ilifungwa, mingine ilikuwa na makomeo wasiyoyajua. Ndipo Wamarekani wakakaa kubuni komeo lao la kusukuma. Na @Mama Duka, bosi wako hakuanza yeye. New York, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle, mlango mmoja ulifungwa kwa hoja hiyohiyo ya wizi. Wakafa 146, wengi wasichana wa kushona. Sheria nyingi za milango zilipata nguvu baada ya hapo. Kwetu ipo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007, na sehemu za kazi wapo OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kwa sheria ya 2003. Shida yetu ni kufuli.

Mwalimu wa Bweni:
Nyie mnaongelea maukumbi. Bweni la shule ya Shauritanga, Kilimanjaro, 1994, waliteketea wasichana 40 hivi. Idodi kule Iringa, 2009, 12. Nilipopewa bweni la wasichana nilikuta linafungwa kwa nje saa nne usiku, eti wavulana. Nikamwomba matroni tujaribu, saa nane usiku, bila taarifa. Alikuja na fungu la funguo kumi na moja, zote zinafanana, anajaribu mmojammoja kwa tochi ya simu, mikono inatetemeka, na hapo hakuna moto. Mimi nahesabu. Nilipofika mia mbili nikaacha kuhesabu.

Sasa komeo liko ndani, mlinzi anakaa nje. Wazazi wawili walilalamika.

Mzee wa Kibaigwa:
Namba ya zimamoto ni 114, bure. Ila wakifika, wakute mmeshatoka.

Mwana wa Kikuyu:
Nimesoma zote, asanteni. Jumamosi tuna sendoff ya mdogo wangu, ukumbi uleule, hela ilishalipwa. Leo nimeenda nikamwambia mwenye ukumbi afungue ule mlango nikiona. Amenijibu nije kesho saa nne, kijana wa funguo ametoka kidogo.