Kubaki Legacy au kuhamia UEFI: ipi inafaa kwa kompyuta ya mezani yenye Windows tayari?

Nusu_Waya

Wakuu habari. Nina kompyuta ya mezani yenye Windows 10, inapiga kazi bila shida ila kuwaka kwake kunachosha. Nikaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ubao mama, nione nini kinachelewesha, nimekuta mambo mengi kuliko nilivyotegemea. Boot Mode, yaani namna ubao mama unavyoanzisha Windows, ina machaguo matatu: Legacy (ya zamani), UEFI (mpya) na Both. CSM imewashwa. Fast Boot imezimwa. Secure Boot, ile inayozuia programu zisizo na saini kuwaka, imefifia, hata ukiibonyeza haikubali. SATA Mode, namna ubao mama unavyoongea na diski, inasoma AHCI, chini yake kuna RAID.

Nimefungua msinfo32 (taarifa za mfumo za Windows), kwenye BIOS Mode imeandika Legacy. Diski ni SSD ya GB 500, mtindo wake wa kugawanywa ni MBR.

Naona njia tatu: nibaki nilivyo, nihamie UEFI bila kufuta kitu, au nifute kila kitu niweke Windows upya. Ipi ina faida ya kweli na ipi ni kujitafutia kazi? Na ipi itapunguza muda wa kuwaka?

MamaDiski

Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo lililokupeleka huko. Muda wa kuwaka una vipande viwili. Tangu unapobonyeza kitufe mpaka vile vidoti vya Windows vianze kuzunguka, hapo inayofanya kazi ni programu ya ubao mama. Kutoka vidoti mpaka uweze kufungua faili, hapo ni Windows yenyewe. Mipangilio ya BIOS inagusa kipande cha kwanza tu. Watu wengi wanahangaika na cha kwanza huku tatizo liko cha pili.

Kwa kawaida Task Manager, kwenye ukurasa wa Startup, inaonyesha "Last BIOS time" juu upande wa kulia. Ila hesabu hiyo hutoka kwenye UEFI, hivyo wewe uliye Legacy huenda usiione kabisa. Tumia saa ya simu. Utuambie kipande kipi ni kirefu.

Nusu_Waya

Kweli haipo. Nimepima kwa simu: vyote viwili ni virefu. Kabla ya vidoti skrini inakuwa nyeusi, unapita mstari wa PXE-E61: Media test failure, check cable. Inasubiri hapo, kisha inaendelea. Baada ya kuingia, picha ya nyuma inaonekana lakini nikibofya kitu hakifunguki haraka.

BisibisiNyota

Mkuu, hapo umejijibu nusu. PXE ni kompyuta kujaribu kuwaka kupitia mtandao, inatafuta seva ya kuipa mfumo. Kwako mtandao umetangulia diski kwenye mpangilio wa kuwaka, kebo ya mtandao haijachomekwa, ikalalamika ndipo ikahamia diski. Ingia Boot Order, weka SSD ya kwanza, kisha zima kabisa kile kilichoandikwa Network Boot, PXE au LAN Option ROM, jina linategemea ubao mama. Hilo halihusiani na Legacy wala UEFI, na halina hatari yoyote.

Kipande cha pili rudi Task Manager, Startup, zima programu usizohitaji mara tu unapowasha. Usizime ya kadi ya sauti wala ya kinga ya virusi. Zile za kupiga soga, za michezo na za kujisasisha zenyewe zote zinaweza kusubiri uziite.

Turbo_Dume

Njia ya mkato: andika msconfig, Boot, Advanced options, weka tiki kwenye Number of processors halafu chagua namba kubwa kabisa. Weka na No GUI boot. Inawaka kama umeme.

MamaDiski

Turbo, hilo limezunguka mtandaoni miaka mingi na halijawahi kuwa kweli. Windows inatumia viini vyote vya prosesa bila kuambiwa. Kisanduku hicho kipo kwa ajili ya kupunguza viini mtu anapofanya majaribio, na ukiweka namba kubwa unabaki pale pale ulipokuwa. No GUI boot inaficha picha ya kuwaka tu. Hatari iliyo jirani ni Safe boot kwenye ukurasa huo huo: ukiitia tiki na usiitoe, kila ukiwasha unaingia Safe Mode.

BisibisiNyota

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe.

Legacy ni utaratibu ulioanza na IBM PC ya 1981. Ubao mama unasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, na kuikabidhi kazi. Humo ndimo inamokaa MBR, ndiyo maana ina mipaka yake: partisheni (sehemu za diski) kuu nne, na diski isiyozidi takriban TB 2. UEFI haisomi sekta ile. Inafungua partisheni ndogo ya FAT32 na kutafuta faili, kwa Windows ni bootmgfw.efi, halafu inaliendesha. Diski inatakiwa iwe GPT, mtindo mpya wa kuigawa, ambako Windows inakubali partisheni hadi 128.

Kwa SSD yako ya GB 500 mipaka ya MBR haikuumi. Kasi nayo utapata kidogo tu. Kinacholeta tofauti ni mambo mawili. Secure Boot yako imefifia kwa sababu CSM imewashwa. CSM ni kipande cha UEFI kinachojifanya BIOS ya zamani, na CSM na Secure Boot havikai pamoja. La pili, Windows 11 inataka UEFI yenye uwezo wa Secure Boot pamoja na TPM 2.0 (moduli ya usalama inayotunza funguo), na Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Na hiyo Both, mimi siipendi hata kidogo. Ukichomeka flashi ya kuwekea Windows utaiona mara mbili kwenye menyu ya kuwaka, moja ina neno UEFI mbele yake na nyingine haina. Ukichagua isiyo na neno hilo, Windows inajiweka kwa Legacy bila kukuuliza. Kompyuta nyingi zilizo Legacy leo zilifika hapo kwa njia hiyo.

Kibodi_Butu

Mimi ni wa "kitu kikifanya kazi usikiguse". Kuna kadi za picha za zamani ambazo hazina programu ya kuonyesha picha kwa UEFI. Ukizima CSM, skrini inabaki nyeusi, mtu anadhani kadi imekufa. Prosesa nazo, nyingi za zamani haziko kwenye orodha ya Windows 11. Sasa unahama ili upate nini? Zima PXE, punguza programu za Startup, endelea na maisha.

MamaDiski

Mzee wangu Kibodi, kwenye kadi ya picha nakuunga mkono, na hilo aliangalie kabla ya yote. Kama prosesa ina picha zake za ndani na ubao mama una tundu la HDMI, achomeke skrini hapo wakati wa kubadilisha. Skrini ikiwa nyeusi kabisa na hana tundu hilo, atarudisha mipangilio ya kiwandani kwa jampa ya CMOS (pini za kufuta mipangilio ya BIOS) au kwa kutoa betri kompyuta ikiwa imechomolewa umeme.

Ila kubaki si bure tena kama zamani. Mfumo usiopata viraka vya usalama unazidi kuwa mzigo kila mwezi. Kama mashine ina TPM 2.0 na prosesa inakubalika, mimi nahama. Kama haina, hoja ya Kibodi inashinda, na pesa ya usumbufu huu aiweke kwenye mashine nyingine.

Kati ya kuhamisha na kuweka upya: jaribu kuhamisha kwanza. Windows 10 tangu toleo la 1703 ina kifaa cha mbr2gpt ndani yake. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Hii haibadilishi chochote, inakagua tu. Ikikataa, sababu kubwa huwa partisheni: MBR isiwe na kuu zaidi ya tatu na isiwe na partisheni ya nyongeza ya Extended. Ikikubali, weka bakapu nje ya diski hiyo. Kama umewasha BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri wa Windows), isimamishe kwanza, na uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 mahali nje ya kompyuta. Kisha:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Ikimaliza, usiache kompyuta ijiwashe kama kawaida. Ingia moja kwa moja BIOS, zima CSM, Boot Mode iwe UEFI, na cha kwanza kwenye orodha kiwe Windows Boot Manager. Mpangilio ndio kila kitu hapa. Mtu akizima CSM kabla ya kubadilisha diski, kompyuta itasema haioni cha kuwaka nacho. Faili zake zote zipo, akiirudisha CSM atawaka tena, lakini presha inakuwa imeshapanda.

Na kabla ya haya yote hakikisha Windows yako ni ya biti 64. Ya biti 32 haiwaki kwenye UEFI ya biti 64.

Nusu_Waya

Ahsante sana Mama. Ni ya biti 64, na validate imepita. Kabla sijaendelea: SATA Mode niihamishe RAID? Nimesoma mahali kwamba ina kasi zaidi. Na Fast Boot niiwashe?

BisibisiNyota

AHCI iache kama ilivyo. RAID ni ya mwenye diski kadhaa anazotaka ziunganishwe. Kwa diski moja huongezi kasi. Ukibadilisha wakati Windows imeshazoea AHCI, draiva inayohitajika haitakuwa imewashwa na utapata skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Hapo pana mtego unaowapata hata wasiogusa kitu. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ikiisha, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani kila ukichomoa umeme, na kuna bodi ambazo za kiwandani ni RAID. Dalili inayotangulia ni saa kurudi miaka nyuma, na tovuti kukataa kufunguka kwa madai kwamba cheti si halali. Kwa hiyo leo, kabla ya kubadilisha lolote, piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu.

Fast Boot iwashe mwishoni kabisa, ukiwa na uhakika mengine yamekaa sawa. Inaruka baadhi ya ukaguzi, na kwenye bodi kadhaa kibodi ya USB haiamshwi mapema, kwa hiyo Delete au F2 haishiki tena. Ikikutokea, ingia kupitia Windows:

shutdown /r /fw /t 0

Amri hiyo inakupeleka BIOS bila kuwahi kitufe. Nayo hufanya kazi ukiwa UEFI tu.

Nusu_Waya

Nimemaliza. PXE imezimwa, diski ni GPT, msinfo32 sasa inaandika UEFI na ile Last BIOS time imejitokeza. Secure Boot inabonyezeka lakini nikiiwasha inasema mfumo uko Setup Mode.

MamaDiski

Maana yake funguo za Secure Boot hazimo. Kwenye ukurasa huo huo tafuta Restore Factory Keys au Install Default Keys, kubali, hifadhi kwa F10, rudi uwashe.

Mgeni_wa_Pengwini

Nadandia uzi. Mimi nina Windows na Linux kwenye diski moja, Legacy. Njia hii itanifaa?

BisibisiNyota

Si moja kwa moja. mbr2gpt inataka kuzijua aina zote za partisheni, na za Linux itazikataa usipoipa tafsiri yake kwa /map. Hata ikipita, GRUB yako, programu inayoanzisha Linux, iko kwenye ile sekta ya kwanza ambayo UEFI haiisomi, kwa hiyo itabidi uwashe kwa flashi ya Linux na kuweka GRUB ya EFI. Hakikisha flashi yenyewe imewaka kwa UEFI: folda ya /sys/firmware/efi ikiwepo, uko sawa. Kwako wewe, bora kuweka mifumo yote miwili upya.

Na ukishaiweka, zima Fast Startup ya Windows, ambayo si kitu kimoja na Fast Boot ya BIOS. Ukizima kompyuta wakati Fast Startup imewashwa, Windows inajihifadhi nusu kwenye hiberfil.sys, na ukiingia Linux ile partisheni ya Windows (NTFS) mara nyingi itafunguka kwa kusoma tu. Amri ni powercfg /h off, kama msimamizi.