Kukadiria asilimia zenye desimali ndefu bila kuandika msimbo

Mtunga_Masomo

Ndugu zangu, naandaa somo la mtandaoni lenye maswali 54, na mwishoni nataka mwanafunzi aoneshwe asilimia aliyopata. Programu ninayoitumia inaweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya vigeu (nafasi zenye majina za kuhifadhia namba), na kulinganisha thamani zake, lakini haina amri ya kukadiria, yaani kuifikisha desimali kwenye namba nzima iliyo karibu. Aliyepata maswali 43 anaoneshwa 79.6296 na mkia mrefu wa tarakimu unaofuata. Mstari mmoja wa msimbo wa lugha ya programu ya JavaScript ungemaliza kazi, ila mfumo litakapowekwa somo hili umezuia msimbo wowote wa nyongeza. Je, kuna njia ya kupata namba nzima kwa amri za kawaida tu?

Fundi_Slaidi

Ipo, nayo haihitaji hata kurudiarudia amri kwa mzunguko. Tengeneza vigeu viwili, kimoja ukiite Baki na kingine Nzima. Nzima ianze na 0, na Baki ipewe asilimia yako ikiwa imeongezwa 0.5. Kisha weka hatua saba, moja kwa kila namba kati ya 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1, kwa mpangilio huo huo: ikiwa Baki ni kubwa kuliko au sawa na namba ya hatua hiyo, jumlisha namba hiyo kwenye Nzima, halafu itoe kwenye Baki. Kwa mfano wako Baki inaanza na 80.1296, hatua ya 64 inaacha 16.1296, ya 32 inapitwa, ya 16 inaacha 0.1296, na Nzima imeshafika 80.

Kama programu yako inadai sharti liandikwe upya kwa kila amri, hakikisha kujumlisha kunatangulia kutoa. Ukitoa kwanza, Baki itakuwa imekwisha kupungua, na huenda sharti la amri ya pili lisitimie tena.

Hesabu_Safi

Njia hiyo ni salama. Iliyo fupi zaidi ni kujumlisha 4503599627370496 kwenye asilimia, kisha kutoa namba hiyo hiyo kwa amri inayofuata. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 52, na kuanzia hapo namba za biti 64 zinazotumiwa na JavaScript hazina tena nafasi ya kubeba sehemu ya desimali, hivyo jibu hujikadiria lenyewe. Itafanya kazi ikiwa programu yako inahifadhi namba kwa utaratibu huo na kisanduku chake kinakubali tarakimu zote 16. Jambo jingine ni kwamba nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, yaani 2.5 inakuwa 2 ilhali 3.5 inakuwa 4, tofauti na tulivyozoea darasani. Kwa thamani hasi tumia 6755399441055744.

Mtunga_Masomo

Nashukuru sana. Nimechagua hatua saba, kwa kuwa atakayelirithi somo hili ataweza kuzifuata bila maelezo marefu. Sasa limezuka jingine: alama ya kufaulu ni 80, na mwanafunzi yule wa maswali 43 anaona 80 huku somo likimwambia hakufaulu.

Fundi_Slaidi

Hapo asilimia halisi inalinganishwa na 80, lakini mwanafunzi anaoneshwa iliyokadiriwa. Binafsi nisingeruhusu ukadiriaji umfaulishe mtu, isipokuwa kanuni za mtihani zinasema hivyo. Kwa hiyo acha ulinganisho utumie thamani halisi, na badala yake onesha nafasi moja ya desimali. Zidisha asilimia kwa 10 kabla ya kuongeza 0.5, anzia hatua za 512, 256 na 128 kabla ya zile saba, kisha gawanya Nzima kwa 10. Mwanafunzi huyo ataona 79.6, na aliyepata maswali 44 ataona 81.5.