Perege wa aina mbili, bendi za protini zinafanana kabisa, nifanyeje?

mvuvi_wa_maabara: Wakuu habari. Nina sampuli za Oreochromis niloticus na O. mossambicus, na wengine nahisi ni chotara maana mkia una mistari ya niloticus ila rangi na mdomo ni wa mwenzie. Nimesaga minofu, nikazungusha kwenye sentrifuji, maji ya juu nikayapakia kwenye jeli ya SDS (ile sabuni ya maabara) nikapaka Coomassie, rangi inayoonyesha protini. Bendi, yaani mistari ya protini kwenye jeli, ni zilezile kwa wote, nyingine zimekolea nyingine zimefifia basi. Sasa niandike ni spishi moja ama?

Bi Jeli: Weee usiandike hivyo! SDS inazikunjua protini na kuzivika zote chaji hasi, kwahiyo zinaachana kwa ukubwa tu. Ndugu wa karibu namna hiyo mara nyingi wanatofautiana asidi amino moja moja, chaji inabadilika ila uzito unabaki karibu uleule, jeli yako itaonea wapi? Rudia kwenye jeli ya wanga bila SDS, upake rangi ya kimeng'enya kimoja kimoja, PGM, GPI, LDH. Au fanya fokasi ya isoelektriki (kutenganisha protini kwa chaji zao) uangalie parvalbumini, protini za msuli wa samaki, hizo ni ndogo, kama kilodaltoni 12, na zinavumilia moto, ukichemsha kidogo ile supu ya minofu, protini nyingine nyingi zinaganda, parvalbumini zenyewe zinabaki kwenye maji.

samaki_genetiki: Na hapo ndo chotara wanajianika. Kimeng'enya cha PGM kimeundwa na kipande kimoja cha protini hivyo chotara anatoa bendi 2, GPI ina viwili anatoa 3 na ya katikati ndo nene, LDH ina vinne unaweza kupata hadi 5. Ila anza na wazazi halisi (wasio chotara), uhakikishe kila spishi ina bendi yake isiyopatikana kwa mwenzie, la sivyo unasoma ramli. Na usitegemee jeni moja, chotara akishazaa na mzazi halisi, kwa watoto jeni nyingine zinarudi kuonekana safi kabisa.

mvuvi_wa_maabara: Asante sana. Hii naweza kuitumia kwa furu (wale wadogo wa familia moja na perege) wa Ziwa Victoria pia?

Bi Jeli: Kwa furu utalia mkuu. Wale wametengana juzi tu, ziwa lenyewe inakadiriwa lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, vimeng'enya vyao karibu havitofautiani japo meno na rangi ni mbalimbali. Kule nenda na DNA ya jenomu nzima.

samaki_genetiki: Kingine, tishu iwe ileile kwa samaki wote. LDH ya jicho sio ya msuli, ukichanganya utapata "spishi" ambazo hazipo. Na kama uliloweka kwenye spiriti sahau vimeng'enya, wanatakiwa wawe wameganda, nyuzi -80 ikiwezekana.

mvuvi_wa_maabara: Minofu ipo friza. Macho nishatupa, basi naanza na PGM na GPI za msuli, jeli zikitoka naleta picha.