Mtoto ana selimundu, haidroksiyurea ni salama?

MamaJunia: Habari zenu wapendwa, mwanangu ana miaka 3, ana selimundu (sickle cell), vidole vimevimba tena analia usiku kucha, sasa dokta anataka aanze haidroksiyurea ila jirani kaniambia hiyo dawa ya kansa. Naogopa jamani, mlioanzishia watoto mnasemaje?

Kessy_K: Pole sana dada. Kweli inatumika pia kwa kansa za damu, ila kwa selimundu inaongeza ile himoglobini ya kichanga, ile mtoto anayozaliwa nayo, ndo maana seli nyekundu za damu hazijikunji ovyo, na dozi inapimwa kwa kilo za mtoto. Utafiti wa dawa hii unaoitwa REACH, uliotoka 2019, ulifanyika huku huku Afrika, Kenya, Uganda, Kongo na Angola, watoto wa mwaka 1 mpaka 10, maumivu yakapungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria nayo, hadi vifo. Mwongozo wa Marekani wa 2014 wenyewe unataka mtoto apewe nafasi ya kuanza toka miezi 9 hata kama haumwi. Mi ningeanza.

Bi_Zuu: Wangu anatumia na shule anaenda vizuri. Ila FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, usiruke mama, chembe nyeupe zikishuka sana wanaisimamisha kwanza. Na folik asidi, ile vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, asiache.

MamaJunia: Asanteni mno. Akipata homa je?

Bi_Zuu: Hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Mwombe nesi akuonyeshe kupapasa wengu, chini ya mbavu za kushoto, ukiona limekua ghafla na mtoto kapauka, kimbia.