Slaidi 280 za rangi, miaka ya 70: nitoe vipi picha za karatasi hapa Mombasa?

mtaa_wa_tudor
Wakuu, nina slaidi 280 hivi, vipande vya filamu kwenye fremu ya kadibodi ya sm 5 kwa 5: Mji wa Kale, Fort Jesus, arusi mbili tatu. Nataka picha za karatasi, nyingi 4x6 na chache 8x12 za kutundika. Studio moja imeweka slaidi kwenye skana ya makaratasi, ikatoka giza tupu. Nyingine imeshika slaidi dirishani ikaipiga kwa simu, rangi imekwenda buluu na pembe zimefifia. Nina kamera ya Nikon yenye kihisi cha APS-C na lenzi ya mm 50. Bajeti ni elfu kumi na mbili, kila kitu. Baadhi zina utando kama wa buibui, na nyingine zimegeuka nyekundu. Nianzie wapi?

fundi_taa
Anza kwa kuchagua. Weka tableti, skrini iwe nyeupe tupu, uzipitie zote kwa kioo cha kukuzia. Katika 280 utapata 60 au 70 za kuchapa, na hapo ndipo bajeti yako inapopona. Zilizobaki zaweza kungoja.

Zamani slaidi ilichapwa moja kwa moja kwenye karatasi ya Cibachrome, baadaye ikaitwa Ilfochrome. Karatasi hiyo haitengenezwi tena, kwa hivyo leo lazima slaidi iwe faili kwanza. Skana ya makaratasi imetoa giza kwa sababu taa yake iko chini na inategemea mwanga urudi. Slaidi inataka mwanga upite ndani yake, kwa hivyo skana lazima iwe na taa kwenye kifuniko. Kabla hujamlipa mtu, muulize swali hilo moja tu.

Hesabu ya ukubwa: picha ya slaidi ni mm 24 kwa 36. Ukiskani kwa dpi 2400 za kweli (dpi ni nukta kwa kila inchi) unapata pikseli 2268 kwa 3402, yaani kama 283 kwa kila inchi ya 8x12. Inatosha kabisa. Usibabaishwe na "dpi 6400" iliyoandikwa kwenye boksi la skana bapa. Lenzi yake haifikii hata nusu ya hapo, unalipia faili zito tu.

pwani_raw
Mwenye kamera asilipe skana. Unachokosa ni pete za kurefusha lenzi, zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Seti za kawaida zina mm 12, 20 na 36. Unganisha 12 na 20 upate 32, gawanya kwa 50 ya lenzi yako unapata ukuzaji wa 0.64. Slaidi ya mm 36 itaangukia kwenye kihisi kwa mm 23, na kihisi chako kina upana wa 23.5 hivi. Lenzi iache kwenye umbali wa mbali kabisa (alama ya ∞), kisha tafuta ukali kwa kuinua na kushusha kamera yenyewe. Chukua pete zenye viunganishi vya umeme. Zile tupu za bei ya chini hazikuruhusu kubadilisha f (ukubwa wa tundu la lenzi) kwenye lenzi isiyo na pete ya f.

Mwanga: tableti hiyohiyo, lakini usilaze slaidi juu ya skrini, utapiga picha ya vidoti vyake. Inua sm 5, katikati weka plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Funika kila kitu pembeni kwa kadibodi nyeusi, mwanga utoke kwenye tundu la slaidi tu.

Kamera ielekee chini. Laza kioo kidogo mahali pa slaidi. Ukiona lenzi yako katikati kabisa ya picha, umenyooka. Ikikaa pembeni, upande mmoja wa picha utatoka na ukungu. Halafu f/8, ISO 100, faili la RAW (ghafi, lisilobanwa na kamera), kujipiga kwa sekunde 2. Mizani ya nyeupe ichukue kwenye mwanga mtupu bila slaidi. Na zima feni ya dari, najua joto! Inatikisa meza na kumwaga vumbi.

mtaa_wa_tudor
Na nitajuaje upande wa mbele?

pwani_raw
Upande unaong'aa uangalie kamera. Ule uliofifia, wenye mikunjo midogo ukiuinamisha kwenye mwanga, ndio wenye rangi, uende chini. Zile Pembe za Ndovu za Moi Avenue hazikusaidii, ziko sawa pande zote. Tazama magari: yakienda upande wa kulia wa barabara, slaidi imegeuka.

kabati_kavu
Huo utando ni kuvu. Usioshe kwa maji hata kidogo: kuvu imeshailainisha jelatini, tabaka linaloshika rangi, na maji yataiyeyusha pamoja na picha. Kwanza puliza vumbi kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo. Kisha pamba na isopropili ya 99%. Ile ya 70% ya duka la dawa ina maji ndani yake. Toa filamu kwenye kadibodi, pitisha mara moja bila kukandamiza. Alama zilizochimba zitabaki, hizo utaziba kwenye kompyuta.

Nyekundu maana yake rangi ya samawati imekufa kwa kukaa miaka. Kodachrome, filamu ya slaidi ya Kodak, huwa haipati hilo ikikaa gizani. Usivute kitufe kimoja cha joto la rangi. Rekebisha chaneli nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, maana hazikufifia sawa.

Ukimaliza, boksi la plastiki lifungike na silika (punje za kunyonya unyevu) ndani. Usiliweke kwenye kabati lililogusa ukuta wa nje.

kaunta_ya_picha
Upande wa kuchapa. Hifadhi JPEG ya ubora wa juu, rangi za sRGB. 4x6 na 8x12 zinalingana na slaidi. Ukiomba 8x10 utakatwa inchi 2, na kwa kawaida anayekatwa ni shangazi aliyesimama mwisho wa mstari.

Mwambie mhudumu azime marekebisho ya rangi ya mashine. Mashine ikiona jua la magharibi inadhani ni kosa, inalipoza. Jaribu hivi: panga picha nne za 4x6 kwenye karatasi moja ya 8x12, picha ileile kwa mwanga tofauti. Zitazame karibu na dirisha mchana, chagua moja, ndipo uchape zote. Zikitoka giza, skrini yako ina mwanga mwingi mno.

Karatasi chukua isiyong'aa, inaficha makovu ya kuvu. Za kutundika ziwekee ukingo wa kadibodi, zisiguse kioo. Kwa unyevu wetu zitagandana nacho, na kuzibandua ni kuchana.

mtaa_wa_tudor
Shukrani nyote. Pete za 12 na 20 natafuta kesho. Feni nitazima usiku.