Mminangkabau wa Jakarta asiye na shamba la mama: bado ni Mminangkabau?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Juzi nimebishana na mwenzangu hadi chai ikapoa. Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia, ni Waislamu, na bado ukoo wanauhesabu kwa mama. Mashamba ya mpunga na nyumba kubwa, rumah gadang, ni ya wanawake. Mvulana hana chumba humo. Zamani akibaleghe alilala surau, kijimsikiti cha ukoo. Basi vijana huondoka kwenda kutafuta, na safari hiyo ina jina lake: merantau. Hata Mohammad Hatta, makamu wa kwanza wa rais wa Indonesia, alizaliwa Bukittinggi akaondoka.

Sasa huyu aliyezaliwa Jakarta kakulia nyumba aliyoinunua baba yake kwa mshahara. Mwenzangu anasema ukoo kwake ni jina tu. Mimi nasema kilichopotea si mama, ni mjomba. Kijijini mjomba ndiye anayekukanya, ndiye anayekaa kwenye posa yako. Mjini kawa sauti ya simu siku ya Idi.

Jibu: Mkuu, unakwepa mali. Mwaka 1952 wazee wa mila na mashekhe walikaa Bukittinggi wakakubaliana: mali ya kale ibaki kwa upande wa mama, aliyoichuma mtu mwenyewe igawanywe kwa faraidhi, yaani mirathi ya Kiislamu. Mjini yote ni ya kuchuma. Ukoo usio na ardhi unarithisha nini?

Jibu: Unarithisha jina, na si dogo. Kimila wa ukoo mmoja hawaoani, popote walipo. Sisi Wangazidja wa Komoro tuna manyahuli, mali ya ukoo inayopita kwa mama, nyumba zinashikwa na wanawake, na tumejaa Marseille, Ufaransa. Mbona hamtuambii tumekwisha?

Jibu: Mie nilikula mgahawa wa Kipadang, yaani wa chakula cha Kiminangkabau, Jakarta. Mhudumu kaja na sahani kumi na kitu kazipanga mkononi hadi karibu na bega, zote mezani; unalipia ulichogusa. Paa limechongoka kama pembe za nyati, mfano wa rumah gadang. Namuuliza huyo mhudumu kwao wapi, kumbe Mjava, si Mminangkabau!

Mleta mada: Hahaa. Kwenye ardhi narudi nyuma kidogo. Waminangkabau waliohamia Negeri Sembilan, Malaysia, karne nyingi zilizopita, walikuta msitu wa kufyeka, na ardhi ya ukoo hadi leo inaandikwa jina la mwanamke. Jakarta hakuna cha kufyeka. Ila wewe Mngazidja hujanijibu la mjomba: huko Marseille bado anaitwa kabla posa haijapokewa?